Mafuriko na magonjwa ya mlipuko: maswali mnayoniuliza kila masika

Masika yakikaribia, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Mengine huja usiku wa manane kwa ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti unasikia maji yakipiga mlango. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kutokana na kazi ya afya ya jamii katika mitaa ya mabondeni Dar es Salaam, na kutokana na yaliyowapata jirani zetu wa Garissa (Kenya), Uvira (Kongo), Kasese (Uganda) na Beira (Msumbiji). Mtaniona narudia jambo moja: ugonjwa wa mafuriko hauji siku moja na maji. Una ratiba yake, na ratiba hiyo inajulikana.

Maji yakishaingia ndani, ugonjwa gani hutangulia?

Hutangulia magonjwa ya tumbo. Kipindupindu kinaweza kumwangusha mtu saa chache tu baada ya kunywa maji yenye vimelea, na kwa kawaida hakivuki siku 5. Homa ya matumbo hufuata baada ya wiki moja hadi tatu. Homa ya mgunda, inayotoka kwenye mkojo wa panya na mifugo uliochanganyika na maji, mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya 5 na ya 14, ingawa inaweza kuchukua hadi mwezi. Malaria hupanda mwezi wa pili. Homa ya ini aina ya E nayo ni ya taratibu, inaweza kukaa mwilini wiki kadhaa kabla ya macho kugeuka manjano, na ni hatari mno kwa wajawazito. Kambi ya Bentiu, Sudan Kusini, ilipozungukwa na mafuriko ugonjwa huo ulienea, hata Machi 2022 ikabidi watu wachanjwe humo humo kambini. Ilikuwa mara ya kwanza duniani chanjo hiyo kutumika kuzima mlipuko.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mafuriko yamepita salama" wiki mbili baada ya maji kushuka, mwambie bado yuko katikati ya safari.

Mbona malaria huchelewa hivyo wakati maji yamejaa kila mahali?

Kwa sababu maji yanayokimbia hayamfai mbu. Mafuriko yenyewe husomba viluwiluwi. Mbu wa malaria anataka maji yaliyotulia, yenye jua: nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, mashimo ya matofali, mtaro ulioziba. Maji yakishuka na kuacha madimbwi, hesabu inaanza. Yai hadi mbu mpevu ni kama siku 10 kwenye joto letu. Mbu huyo amuume mgonjwa, vimelea vikomae tumboni mwake, siku nyingine 10 au zaidi. Amuume mtu mzima wa afya, homa ianze, angalau siku 7 nyingine. Ndiyo maana zahanati hujaa kati ya wiki ya nne na ya nane, wakati misaada imeshaondoka na waandishi wa habari wako kwingine.

Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, ni nchi kavu. Mvua za El Niño za mwisho wa 1997 ziliijaza madimbwi, na mwanzoni mwa 1998 malaria iliua watu wengi huko, kwa kuwa miili yao haikuwa imeizoea. Kasese, magharibi mwa Uganda, baada ya mafuriko ya Mei 2013, waliokaa karibu na mito iliyofurika walipata malaria zaidi ya waliokaa mbali. Wiki nne si haba. Ni muda wa kutosha kugawa vyandarua kwa waliopoteza vyao, kujaza dawa na vipimo zahanati, na kufukia au kumwaga dawa kwenye mazalia.

Mlipuko unaweza kutabiriwa kweli, au ni maneno ya wataalamu tu?

Unaweza, na mfano mzuri kuliko yote umetoka kwetu: homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu wa mifugo na watu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 kutoka shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde ya nyasi, na mayai hayo hukaa makavu kwa miaka, virusi vikiwa vimelala ndani. Mvua ya kawaida haiyagusi. Lakini maji yakituama bondeni kwa muda mrefu, yote huanguliwa kwa mkupuo mmoja.

Sasa, mvua ya namna hiyo Afrika Mashariki haitokei kwa bahati. Hutokea pale bahari ya Pasifiki inapopata joto lisilo la kawaida, yaani El Niño, na hasa upande wetu wa Bahari ya Hindi nao unapopata joto. Satelaiti huona joto hilo la bahari, kisha huona nyika ikigeuka kijani kibichi kupita kiasi. Baada ya mlipuko wa 1997 na 1998, ambao ulikadiriwa kuwaambukiza watu 89,000 kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia, wanasayansi walionyesha mwaka 1999 kwamba dalili hizo zingeweza kutoa tahadhari hadi miezi 5 kabla.

Mtihani ukaja mwaka 2006. Bahari ilipata joto, ramani za hatari zikatolewa, tahadhari ikafika serikalini wiki mbili hadi sita kabla ya wagonjwa. Desemba wagonjwa wakathibitishwa Garissa. Utabiri ulikuwa sahihi. Na bado, kabla ya mlipuko kwisha mwaka 2007, zaidi ya watu 300 walikuwa wamefariki Kenya, Somalia na Tanzania.

Hapa ndipo ninapoumia. Watafiti walirudi kwa wafugaji wa Kenya na Tanzania, wakawauliza siku kwa siku. Kutoka mvua kubwa kuanza hadi makundi ya mbu kuonekana, wastani ulikuwa kama siku 24. Kutoka mbu hadi mnyama wa kwanza kuugua, siku 17. Kutoka mnyama hadi mtu wa kwanza, siku 17 nyingine na kidogo. Jumla karibu miezi miwili. Wafugaji Wasomali waliiona yote kwa macho yao. Wana hata jina la ugonjwa, *sandik*, kwa ajili ya damu inayotoka puani mwa mnyama. Lakini kutoka mnyama wa kwanza kuugua hadi huduma za mifugo kufika ilichukua wastani wa siku 60 na ushei. Satelaiti ilisema, mfugaji alisema, na katikati yao hapakuwa na mtu mwenye gari, mafuta na chanjo.

Mimi ni mfugaji. Mvua zimezidi na mbuzi wameanza kutupa mimba. Nifanye nini?

Mbuzi, kondoo au ng'ombe wengi wakitupa mimba kwa pamoja baada ya mvua kubwa, na ndama na wana-kondoo wakafa kwa wingi, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa ofisa mifugo. Usimchinje mnyama anayeumwa "asiharibike bure". Uchinjaji ndiyo njia kuu ya binadamu kuambukizwa: damu inaruka, inaingia kwenye michubuko ya mikono na machoni. Usimsaidie mnyama kuzaa, wala usishike kijusi kilichotoka, kwa mikono mitupu. Maziwa yachemshwe, nyama ipikwe iive kabisa. Kunywa damu mbichi kuache msimu huu, hata kama ni mila.

Chanjo ya mifugo ipo, ila inatakiwa itangulie mlipuko. Wanyama wakishaanza kuugua, sindano moja ikipita mnyama hadi mnyama inaweza kusambaza virusi zaidi. Hasara yake pia huvuka bahari: baada ya mlipuko wa 1997 nchi za Ghuba zilizuia mifugo ya Pembe ya Afrika, na Septemba 2000 ugonjwa ukatokea Saudi Arabia na Yemen, kwa mara ya kwanza nje ya Afrika.

Kipindupindu nacho kinatabirika kwa mvua?

Kwa kiasi. Zanzibar, hesabu za miaka ya nyuma zilionyesha kwamba mvua ikiongezeka kwa milimita 200, kipindupindu hupanda mara 1.6 miezi miwili baadaye, na joto likipanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi wagonjwa huongezeka maradufu baada ya miezi minne. Hizo ni takwimu za kumsaidia mganga mkuu kuagiza dripu mapema.

Lakini kama uko mtaani na unataka kipimo kimoja tu, tazama bomba. Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, watafiti walifuatilia bomba la mji na wodi ya kipindupindu kwa miaka mitano, 2009 hadi 2014. Siku bomba lilipokauka kabisa, waliolazwa kwa kushukiwa kipindupindu katika siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa asilimia 155 kuliko kawaida. Watu hawakuacha kunywa. Walirudi ziwani na mtoni. Ndiyo maana mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020, yaliyoharibu mitambo ya maji ya mji huohuo, yaliogopesha kuliko matope yaliyoonekana kwenye picha. Mafuriko yakikata bomba, usisubiri mgonjwa wa kwanza. Leta maji kwa gari siku hiyo.

Jirani anatapisha choo mvua ikinyesha. Nikimsema ananiambia kila mtu anafanya.

Ni kweli, wengi hufanya. Kwa wasiolijua neno hili: shimo la choo likijaa, mwenye nyumba hungoja mvua kubwa, anatoboa pembeni au anaondoa jiwe lililoziba tundu, na maji ya mvua hubeba kinyesi hadi mtaroni. Huitwa kutapisha. Hufanyika usiku. Asubuhi utakuta watoto wanavua viatu ili wavuke mtaro huohuo kwenda shule, na mama anauza vitumbua hatua tatu kutoka hapo, ndoo ya maji ya kunawia iko chini, imerukiwa matone.

Simlaumu jirani yako haraka. Gari la kunyonya choo haliingii kwenye uchochoro wa mita moja, na bei yake kwa mpangaji ni kubwa. Lakini nasema bila kuficha: choo kimoja kilichotapishwa chenye mgonjwa mmoja wa kipindupindu kinatosha kuuguza mtaa. Kinachofanya kazi ni kunyonya vyoo kiangazi, Januari na Februari, kabla ya masika. Dar es Salaam vipo vikundi vya vijana wanaotumia pampu ya mkono na mapipa, wanabeba kwa pikipiki ya matairi matatu hadi sehemu maalumu. Wapangaji wa nyumba mbili tatu wakichangishana, inawezekana. Mwenyekiti wa mtaa akiitisha kikao cha vyoo Januari, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko kikao chochote cha Aprili. Na choo kipya mahali panapofurika kijengwe juu, kwa ngazi, shimo likiwa na ukuta usiopitisha maji.

Kisima chetu kilifunikwa na mafuriko. Maji sasa yanaonekana meupe. Tunywe?

Hapana. Weupe hausemi lolote kuhusu vimelea. Hadi kisima kisafishwe na kutiwa klorini na wanaojua vipimo, kila tone la kunywa, la kusukutua na la kuoshea vyombo vya mtoto litibiwe nyumbani. Kuchemsha ni njia ya uhakika: yakishaanza kutokota kwa nguvu, yaache dakika 1 (ukiwa nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000, dakika 3). Kama kuni zimelowa na mkaa umepanda bei, tumia dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au paketi, kisha subiri dakika 30.

Kosa ninaloliona sana ni kutia dawa kwenye maji ya tope. Tope huinyonya klorini, vimelea vinabaki. Acha maji yatulie, yamimine taratibu, yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne au zaidi, ndipo utie dawa. Huko Bangladesh, kuchuja kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa kulipunguza kipindupindu karibu nusu, na hapo hawakuwa wametia dawa yoyote. Halafu maji safi yakae kwenye ndoo yenye mfuniko na bomba, au dumu la mdomo mwembamba. Kikombe kikiingia na mkono, umerudi ulipoanza.

Mwanangu anaharisha maji matupu tangu alfajiri, barabara imekatika. Nampa nini?

Mpe ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, sasa hivi: paketi moja kwenye lita 1 ya maji safi. Huna paketi? Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote kwa msawazo, visijae kwa mlima. Onja: isiwe na chumvi kuliko machozi. Mtoto wa chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha, mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena kwa kijiko, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Kazi hii inachosha. Kaa chini, mweke mapajani, simu weka pembeni. Kunyonya kusisimame. Vidonge vya zinki vikipatikana, apewe siku 10 hadi 14.

Macho yakididimia, ngozi ya tumbo ukiifinya ikabaki imesimama, analegea, hakojoi, au kinyesi kimekuwa kama maji ya mchele, mbebe hata kwa mtumbwi, ukiendelea kumpa ORS njiani. Kipindupindu kikali kisipotibiwa kinaweza kuua nusu ya wagonjwa. Kikitibiwa mapema hakiui hata mmoja katika mia. Sijui ugonjwa mwingine ambao tofauti ya mauti na uzima ni maji, chumvi na sukari.

Chanjo ya kipindupindu ipo? Mbona hatuletewi?

Ipo, ya kunywa. Kimbunga Idai kilipopiga Beira usiku wa Machi 14, 2019, kipindupindu kilitangazwa Machi 27 na uchanjaji ukaanza Aprili 3. Zaidi ya watu 800,000 walichanjwa. Walipatikana wagonjwa zaidi ya 6,500, lakini vifo vilikuwa 8. Chanjo haikufanya kazi peke yake, kulikuwa na vituo vya matibabu na maji yenye klorini, ila kasi ile ndiyo ya kuiga. Tatizo ni uhaba. Tangu Oktoba 2022 nchi zenye mlipuko zimekuwa zikipewa dozi moja badala ya mbili ili zitoshe wengi. Malawi inatukumbusha gharama ya kuchelewa: mlipuko uliotangazwa Machi 2022, baada ya dhoruba ya Ana, haukufa kiangazi. Uliripuka upya mvua zilizofuata na kuua zaidi ya watu 1,700.

Maiti za waliosombwa zisipozikwa haraka, si ndizo zitaleta mlipuko?

Hapana. Aliyekufa kwa kuzama hakuwa na kipindupindu, na maiti yake haikitengenezi. Wapeni ndugu nafasi ya kumtambua na kumzika kwa heshima. Shimo la pamoja la harakaharaka huacha jeraha lisilopona. Tofauti ni aliyekufa kwa kipindupindu au homa za kutoka damu: huyo aoshwe na azikwe kwa maelekezo ya wahudumu wa afya.

Homa ya mgunda ni nini hasa?

Ni leptospirosisi. Watanzania wengi waliisikia Julai 2022 ilipotangazwa Lindi, wilayani Ruangwa, ambako watu 20 waliugua na 3 wakafa: homa, kichwa kuuma, uchovu na wengine kutokwa damu puani. Mgunda ni shamba, na si lazima yawe mafuriko, ila mafuriko huwatoa panya mashimoni na kuuleta mkojo wao miguuni petu. Unapotoa matope ndani vaa buti na glavu, au hata mifuko ya plastiki miguuni, na funika kidonda. Ukipata homa na maumivu makali ya misuli ya miguu ndani ya mwezi, mwambie daktari neno moja: "nilikanyaga mafuriko." Kipimo cha malaria kikiwa hasi, neno hilo ndilo litakalomfungua macho. Inatibika kwa antibiotiki ikiwahiwa.

Na dengue na chikungunya?

Hizi hazihitaji mafuriko, zinahitaji maji ndani ya chombo. Chikungunya ni neno la Kimakonde. Ugonjwa uligunduliwa Newala miaka ya 1952 na 1953. Lamu, mwaka 2004, ililipuka wakati wa ukame: watu walihifadhi maji ndani, mbu wakazaliana humo, na uchunguzi wa damu ukakadiria robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Baada ya mafuriko bomba likikatika, tunafanya vilevile, tunajaza mapipa. Yafunike, yasugue kila wiki, ondoa matairi na vifuu. Homa ikiwa na maumivu ya viungo na nyuma ya macho, tumia parasetamo pekee. Diklofenaki na aspirini zinaweza kuongeza kutoka damu.

Niko Muscat, ndugu zangu wako Kibiti. Nitume nini?

Tuma hela mapema, TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, kabla barabara hazijakatika: zinunuliwe paketi za ORS, dawa ya maji, ndoo yenye mfuniko, chandarua. Antibiotiki za dukani usitume. Na mwezi mmoja baadaye, wakati wengine wamesahau, piga simu uulize nani ana homa.

Tahadhari zenyewe tuzipate wapi?

TMA hapa, Idara ya Hali ya Hewa Kenya, na kwa ukanda mzima kituo cha ICPAC kilichopo Kenya, ambacho hutoa mwelekeo wa vuli kuanzia Agosti. Ukisikia "mvua za juu ya wastani", usiwaze mwavuli tu. Waza choo, kisima, mitaro, na stoo ya zahanati.

Maji yameshuka na tumesafisha nyumba. Tumemaliza?

Ukutani pamebaki alama ya maji, ule mstari wa kahawia. Kabla hujaupaka chokaa, chukua mkaa uandike tarehe pembeni yake. Hesabu siku 5: wote wanaoharisha wajulikane kwa mhudumu wa afya wa mtaa. Hesabu siku 10: zunguka nyumba, kila dimbwi lenye viluwiluwi lifukiwe, na kila baada ya wiki zunguka tena. Hesabu siku 30: vyandarua vitandani, vilivyotoboka vishonwe, na uulize zahanati kama vipimo vya malaria vipo. Hesabu hadi siku 60, na kwa wafugaji muda huo wote macho yasitoke zizini. Mstari ukifutika kabla ya siku hizo, andika tena.